Kilindini Kabla ya Meli

Mombasa ni mji wa Thenashara Taifa, yaani taifa kumi na mbili za Waswahili. Wazee wasema alitangulia Mwana Mkisi, kisha akaja Shehe Mvita. Kati ya hizo, Tisa Taifa ni Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Washaka, Wapate, Wafaza, Wabajuni na Wakatwa, na habari zao zimeshasimuliwa sana.

Thelatha Taifa, yaani tatu zilizobaki, ndizo zilizodhulumiwa katika masimulizi.

Wakilindini, Wachangamwe na Watangana hawakuwa wapangaji wa mtu kisiwani. Walikuwa na mji wao upande wa kusini-magharibi, ambao ramani za Wareno ziliuita Tuaca, na walikuwa na tamimu wao, yaani kiongozi. Ng'ambo ya maji walikuwa na Wadigo, wakiungana nao katika vita na biashara. Mdigo akivuka alijua nyumba ya kufikia.

Mwenye shaka na aende Mbaraki, upande huohuo wa kisiwa. Pale upo mnara wa mawe ya matumbawe, mtupu ndani, urefu wake kama mita 14, jirani na msikiti wa kale. Wazee wasema una mwenyewe asiyeonekana. Watu wamekuwa wakimpelekea ubani na marashi, wakaomba haja zao, wakaondoka bila kugeuza shingo. Bahari imepiga mwamba wa chini miaka na miaka, na mnara umesimama.

Turudi kwenye historia. Waomani waliitwaa Ngome ya Yesu kutoka kwa Wareno mwaka 1698 baada ya kuizingira kwa zaidi ya miaka miwili. Wareno wakarudi 1728, na mwaka uliofuata wenyeji wenyewe wakawatoa. Kisha ujumbe wa mji ukaenda Maskati, na Wakilindini walikuwamo. Baadaye wakatawala Wamazrui, hata Seyyid Said, mtawala wa Oman, alipoushika mji mwaka 1837 na kuweka askari wa Kibaluchi ngomeni. Wajukuu wa askari hao ni watu wa Mombasa leo.

Wageni wengine nao wakaja. Mabohora walifungua maduka. Washihiri walikuja kutoka Hadhramaut. Mwaka 1875 wamishonari walianzisha Freretown, Kisauni, kwa watumwa walioachwa huru. Jina la Kengeleni limetokana na kengele yao.

Reli ilipoanza kujengwa mwaka 1896, bandari ya majahazi chini ya ngome haikutosha. Waingereza walihitaji maji ya kina, wakayapata upande wa pili wa kisiwa, na jina walilolikuta huko hawakulibadili. Anayedai kwamba Mombasa ni ya Mvita peke yake, aeleze kwanza kwa nini bandari yake kuu inaitwa Kilindini.