Ukuta wa Kibla na Somo la Falaki: Hoja kutoka Pwani ya Kusini ya Kenya

Makka iko kwenye longitudo ya digrii 39.8 mashariki. Diani iko kwenye 39.6 na Msambweni kwenye 39.5. Tofauti hiyo ni ndogo mno, hata anayeswali Diani, Gazi au Msambweni huwa ameelekea kaskazini halisi, akipotoka kwa chini ya digrii moja. Kati yake na Kaaba pana takriban kilomita 2,850, na zote zapanda moja kwa moja kutoka kusini kwenda kaskazini. Mwislamu wa Cairo au Jakarta hawezi kuikokotoa kibla yake bila hesabu za pembetatu juu ya tufe. Mwanafalaki Al-Biruni aliandika kitabu kizima, alichokimaliza mwaka 1025, na lengo lake mojawapo lilikuwa kuipata kibla ya mji wa Ghazna. Mtoto wa Kwale amezaliwa na jibu mkononi.

Mtoto huyohuyo, alipofika kidato cha kwanza katika mtaala wa 8-4-4, alifungua somo la Jiografia akakuta mada ya Dunia na mfumo wa jua. Popote asomapo kuhusu kuitafuta kaskazini kwa nyota, huelekezwa kwenye Polaris. Polaris haichomozi Kwale. Kaunti yote iko kusini ya ikweta, na kutoka ufuo wa Diani nyota hiyo hubaki chini ya upeo wa macho mwaka mzima. Kwa hiyo kijana anafundishwa kaskazini kwa alama asiyoweza kuiona, ilhali mara tano kwa siku anasimama kuielekea kaskazini yenyewe bila mtu kumwambia.

Nashikilia kwamba maandiko yana nafasi halali katika kufundisha falaki kwa vijana wa pwani hii, na kwamba nafasi hiyo imo katika ibada. Kurani haimpi msomaji jedwali la sayari. Inamtaka atazame, kisha inamwekea wajibu usiotimizika bila kutazama. Aya ya 189 ya Sura ya Al-Baqara inaifanya miezi mipya kuwa vipimo vya nyakati za watu na za hija. Aya ya 5 ya Sura ya Yunus inaufungamanisha mwezi na vituo vyake na hesabu ya miaka. Aya ya 97 ya Sura ya Al-An'am inazitaja nyota kuwa uongozi katika giza la bara na bahari, na Vanga au Shimoni, kwa watu walioingia baharini usiku tangu enzi za mababu, aya hiyo haihitaji tafsiri ndefu.

Iko njia nyingine, na ndiyo iliyoenea zaidi: kuzisaka ndani ya aya habari za sayansi ya kisasa. Njia hii ilipata nguvu duniani baada ya daktari Mfaransa Maurice Bucaille kuchapisha kitabu chake kuhusu Biblia, Kurani na sayansi mwaka 1976, na leo inasikika katika mihadhara na video zinazosambazwa kwa simu. Kijana anaambiwa kwamba kupanuka kwa ulimwengu, alikokubainisha Edwin Hubble mwaka 1929, kulikwisha kutajwa karne kumi na tatu kabla. Siipingi imani inayomsukuma msemaji. Ninalopinga ni ufundishaji wake, kwa sababu mwanafunzi hapimi chochote, hakosei chochote, na hajifunzi ni vipi Hubble alijua. Anapewa matokeo yaliyokwisha kupatikana na wengine, kisha anaambiwa yalikuwa yetu. Nadharia ikirekebishwa kesho, kama nadharia zinavyorekebishwa, atalazimika kuchagua kati ya mwalimu wake na kitabu chake. Al-Ghazali aliliona jambo la aina hii mapema. Katika utangulizi wa kitabu chake Tahafut, mwishoni mwa karne ya kumi na moja, alionya kwamba anayebishana na hesabu za kupatwa kwa jua kwa jina la dini huidhuru dini, maana hesabu hizo zimesimama juu ya jiometri. Kuitetea dini kwa kuipachika kwenye kila nadharia ni kosa lililo upande wa pili wa lile alilolionya.

Ibada yenyewe inadai vipimo, na Kwale vipimo hivyo ni rahisi kuliko karibu mahali pengine popote. Chukua kijiti chenye urefu wa mita moja, ukisimamishe wima katika uwanja wa chuo. Jua likifika kilele, kivuli chake hulala juu ya mstari wa kaskazini na kusini, ambao hapa ndio mstari wa kibla. Tarehe 21 Juni kivuli hicho huwa na urefu wa kama sentimita 52 na huelekea kusini, nyuma ya anayeswali. Tarehe 21 Disemba huwa sentimita 35 na huelekea kaskazini, mbele yake. Mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 9 Machi na 4 Oktoba, jua hupita utosini na kivuli cha zawali, yaani cha jua likiwa kileleni, hupotea kabisa. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, alasiri huingia kivuli kinapolingana na urefu wa kitu pamoja na kile kivuli cha zawali. Mwanafunzi aliyesoma hukumu hiyo katika fikihi bila kusimamisha kijiti ameyasoma maneno yake tu. Akikisimamisha mwaka mzima, ataona kwa nini kivuli cha zawali kilihitaji kutajwa, na papo hapo atakuwa ameupima mwinamo wa mhimili wa Dunia bila kujua kwamba alikuwa katika darasa la sayansi.

Saa ya ukutani nayo ina lake. Zawali ya Diani huangukia karibu saa 6:05 mchana mwanzoni mwa Novemba, na karibu saa 6:36 katikati ya Februari. Wazee huliona badiliko hilo katika ratiba za swala zinazobandikwa misikitini, na wachache huuliza limetoka wapi. Limetoka katika njia ya Dunia kulizunguka jua, ambayo si duara kamili, na katika ule mwinamo wa mhimili. Mwalimu mwenye ratiba ya mwaka mmoja, karatasi ya mraba na penseli ana somo la wiki nzima.

Suala la mwezi ni gumu zaidi, kwa sababu limebeba ugomvi. Kila Ramadhani inapokaribia kwisha, wako wanaosubiri tangazo la Kadhi Mkuu kutoka Mombasa, na wako wanaoshika tangazo la Makka, na kijiji kimoja huweza kuswali Idi siku mbili. Falaki haina mamlaka ya kuamua ni tangazo lipi lifuatwe, maana hilo ni la fikihi. Inachoweza ni kuziondoa hoja zisizo na msingi ambazo pande zote mbili huziegemea. Husemwa, kwa mfano, kwamba Makka wametutangulia kwa saa. Hawajatutangulia. Tuko kwenye longitudo ileile kwa tofauti ya dakika moja hivi ya jua, na saa zetu za ukutani ni zilezile. Kinachotofautiana ni machweo, nayo hubadilika kwa majira. Disemba jua hutua Makka mapema kuliko Diani kwa karibu robo tatu ya saa, na Juni huwa kinyume chake. Kwa hiyo mwezi wa Disemba hutufikia ukiwa umekua kidogo zaidi kuliko ulivyokuwa machweo ya Makka. Wenye nafasi bora kweli ni watu wa magharibi ya mbali, kama Mauritania, ambako machweo huja saa kadhaa baada ya yetu.

Halafu kuna jambo la mahali pa kusimama. Pwani yetu inatazama mashariki, na mwezi mwandamo huzama magharibi. Anayetoka kuutafuta ufuoni Diani anaipa bahari mgongo na kuitazama Milima ya Shimba, ambayo huinua upeo wake kwa kiasi cha digrii moja. Digrii moja karibu na ikweta, ambako mwezi hushuka takriban wima, ni dakika nne za mwezi ambao pengine una dakika ishirini tu za kuonekana. Mji wa Kwale uko juu ya milima hiyohiyo. Kikundi cha vijana chenye daftari, kikipanda huko kila mwezi wa mwaka, si Shaabani na Ramadhani pekee, kitakuwa na kumbukumbu ambazo kamati yoyote ya mwezi ingezihitaji: mwezi ulionekana lini, ukiwa na umri gani, anga ilikuwaje.

Wapo wanafunzi Wakristo pia, hasa katika makazi ya Shimba Hills, na mlango wao upo. Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza tangu tarehe 21 Machi, kwa kanuni yenye mizizi katika Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325. Ndiyo maana Ijumaa Kuu haiwi mbali na mwezi mpevu, na wageni wa Pasaka wanaojaza hoteli za Diani mara nyingi huikuta bahari ikiwa katika bamvua ya mwezi mpevu au ndiyo kwanza imetoka humo. Akina mama wa mwani wa Kibuyuni, wanaoifuata bahari inapokupwa, wangeweza kulifundisha somo hili bila kitabu.

Pingamizi zito nililosikia halikutoka kwa wanasayansi. Ni hofu ya wazazi kwamba habari za nyota ni utazamiaji, na hofu ya maimamu kwamba kijana mwenye kijiti atakuja kusema mihrabu imepinda. Hofu ya kwanza hujibiwa na darasa lenyewe, maana anayepima kivuli hamtabirii mtu riziki. Ya pili ni ya haki, na dawa yake ni adabu: kipimo kianzie uwanjani, na kikifika msikitini kifike kwa idhini ya wenye msikiti. Falaki si mgeni msikitini: Ibn al-Shatir, ambaye mifano yake ya mwendo wa mwezi inalingana na ile ya Copernicus, alikuwa mwajiriwa wa Msikiti wa Umawiyya wa Damascus hadi kifo chake mwaka 1375. Kazi yake ilikuwa kuweka nyakati za swala.

Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kabisa katika anga ya Makka, na Kwale litapatwa kwa sehemu baada ya adhuhuri. Siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume, jua lilipatwa na watu wakahusisha mambo hayo mawili. Mtume aliwakataza, akafundisha kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake, akaamuru swala. Swala hiyo ina mwisho wake: jua likishaachiwa, wakati umepita. Na jua lililopatwa kwa sehemu hubaki kali, hata mtu anaweza kupitisha mchana wote sokoni Ukunda asitambue lolote, wala si salama kulikodolea macho ili kuhakikisha. Imamu atakayetaka kuisimamisha sunna hiyo atahitaji mtu wa kumpa mapema saa ya kuanza na saa ya kwisha, na siku yenyewe atahitaji mwenye kadibodi yenye kitundu, wa kumwonyesha chini, juu ya sakafu ya msikiti, umbo la jua lililomegwa.