Wafugaji wa Mbu wa Ifakara

Mwaka 1996 mbu wa aina ya Anopheles gambiae walikamatwa katika kijiji cha Njage, kama kilometa 70 kutoka Ifakara, wakaingizwa kwenye vizimba vya chandarua na kuanza kufugwa. Uzao wao haujakatika tangu hapo. Nje ya vizimba mambo yalikwenda kinyume. Kadiri vyandarua vyenye dawa vilivyoenea katika bonde la Kilombero, ndivyo aina hiyo ya mbu ilivyozidi kupungua, hata watafiti waliotega mitego vijijini kati ya 2008 na 2012 wakaona imekaribia kutoweka. Ndivyo ilivyotokea kwamba adui mkubwa wa watoto wa bonde hili, aliyekuwa akipatikana kila nyumba, siku hizi anapatikana kwa uhakika zaidi maabara, akilishwa na kutunzwa na vijana wa Ifakara.

Historia ya kufuga wadudu katika mji huu ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani, na haikuanza na mbu. Ilianza na papasi.

Wazee wanamkumbuka vizuri. Mchana papasi hujificha kwenye nyufa za sakafu ya udongo na kuta. Usiku hutoka, hunyonya damu ya aliyelala, kisha hurudi mafichoni kabla hakujapambazuka. Homa anayoiacha hupanda kwa siku kadhaa, ikashuka, mgonjwa akaanza kutembea na kula, halafu ikamrudia. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa huo uliwasumbua sana wasafiri na wapagazi. Daktari Mwingereza Joseph Everett Dutton, aliyekuwa akiuchunguza mashariki ya Kongo, uliishia kumuua yeye mwenyewe huko Kasongo mwezi Februari 1905. Robert Koch, Mjerumani aliyegundua kimelea cha kifua kikuu, alifika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka huohuo, akawachimbua papasi kwenye sakafu za vibanda vya kupumzikia misafara. Uchunguzi wa akina Dutton na wa Koch ulionyesha jambo la kutisha: papasi mama hurithisha kimelea kwa mayai yake. Mtoto wa papasi anaweza kuzaliwa na ugonjwa tayari, kabla hajamuuma mtu yeyote.

Aliyeleta kazi hiyo Ifakara ni Rudolf Geigy, mtaalamu wa elimu ya wanyama kutoka Basel, Uswisi, aliyezaliwa mwaka 1902. Ukoo wake ulikuwa na kampuni ya kemikali ya J. R. Geigy, na ni mkemia wa kampuni hiyo, Paul Müller, aliyegundua mwaka 1939 kwamba DDT inaua wadudu. Ugunduzi huo ulimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Wakati dawa hiyo ikienea duniani, Geigy alikuwa na shughuli nyingine kabisa. Mwaka 1943 alikuwa ameanzisha Taasisi ya Tropiki ya Uswisi, na mwaka 1949 alifika Ifakara, ambako Wakapuchini kutoka nchini kwake walikuwa na misheni na hospitali. Hakuja kuua wadudu. Alitaka kuwajua: wanakula nini, wanazaaje, wanajificha wapi, kimelea kinakaa sehemu gani ya mwili wao. Yeye na mwenzake Hermann Mooser walichapisha utafiti wao kuhusu homa ya papasi ya Tanganyika mwaka 1955. Mwaka uliofuata maabara ya taasisi yake ikaanzishwa Ifakara.

Kwa mfugaji, papasi hana usumbufu hata kidogo. Sanduku lenye mchanga linamtosha, mlo mmoja unampeleka miezi mingi, na akikosa damu kabisa anaweza kuishi miaka kadhaa akisubiri. Mbu ni habari nyingine. Ukimsahau siku mbili tu, umempoteza.

Maabara ile ndogo ilikua. Mwaka 1991 iliitwa Kituo cha Ifakara, mwaka 1996 ikasajiliwa kama taasisi ya Kitanzania inayojitegemea, na tangu 2008 inajulikana kama Taasisi ya Afya ya Ifakara. Miaka hiyo yote malaria ndiyo iliyoshika usukani. Vipimo vilivyofanywa Namawala, kijiji cha mpunga si mbali na mji, vilionyesha kwamba mtu mmoja aliweza kuumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Hiyo ni karibu kila usiku, na kwa mtoto mchanga ni hatari isiyoelezeka. Mradi wa KINET ulioanza kuuza vyandarua vya bei nafuu na dawa yake katika wilaya za Kilombero na Ulanga, kwa jina la Zuia Mbu, ulileta unafuu mkubwa: uhai wa watoto kati ya umri wa mwezi mmoja na miaka minne waliolala ndani ya vyandarua vyenye dawa uliongezeka kwa asilimia 27.

Lakini chandarua, dawa ya ukutani au mtego mpya lazima ujaribiwe, na huwezi kujaribu bila mbu unaowajua umri, ukoo na afya yao. Ndipo kazi ya wafugaji inapoanza.

Chumba cha kufugia mbu kina joto la nyuzi 27 hivi na unyevu mwingi hewani, na taa hufuata saa 12 za mwanga na 12 za giza. Beseni bapa zimepangwa kwenye rafu, kila moja na maji ya kina kifupi. Viluwiluwi wa Anopheles hulala sambamba na uso wa maji, kama vijiti vilivyoelea, na kutawanyika ghafla kivuli kikipita juu yao. Chakula chao ni kile kinachouzwa kwa ajili ya samaki wa mapambo, kilichosagwa hadi kuwa unga. Mkono wa mfugaji lazima uwe na kipimo: unga ukizidi, maji yanafanya utando na viluwiluwi wanakosa hewa; ukipungua, wanatafunana. Baada ya wiki moja na ushei wanajikunja kuwa pupa. Hapo mfugaji anainama na bomba dogo la plastiki, anawanyonya mmojammoja na kuwahamishia kwenye kikombe, na kikombe kinawekwa ndani ya kizimba cha sentimita 30 kila upande. Usiku wa pili wanatoka wakiwa mbu kamili. Wote, dume na jike, wanapewa maji ya sukari kwenye pamba. Jike peke yake ndiye anayehitaji damu, ili mayai yake yakomae.

Damu hiyo kwa miaka mingi ilitolewa na watu wenyewe. Mtu aliyejitolea aliingiza mkono kupitia mfuko wa kitambaa uliopo ubavuni mwa kizimba, akatulia dakika chache mbu wakishiba. Njia hiyo haikuwa na hatari ya malaria, na sababu yake ndiyo tofauti kubwa kati ya mbu na papasi: mbu harithishi kimelea cha malaria kwenye mayai. Aliyezaliwa ndani ya beseni la maabara, ambaye hajawahi kumuuma mgonjwa, ni msafi. Ukweli huo mdogo wa kibayolojia ndio uliowezesha kazi yote ya Ifakara. Siku mbili tatu baada ya kushiba, jike anatua kwenye karatasi yenye unyevunyevu na kutaga mayai meusi yaliyochongoka kama mitumbwi, na mzunguko unaanza upya. Sikukuu hazihesabiwi, wala msiba wa jirani. Lazima mtu awepo.

Vizimba vidogo hata hivyo havifundishi kila kitu. Mbu wa shambani anakutana na ng'ombe, ukuta wa udongo, majani, dimbwi na upepo. Kwa hiyo katika kijiji cha Kining'ina taasisi ilijenga kibanda kikubwa cha wavu, ambacho taarifa zake zilichapishwa mwaka 2008, na eneo hilo likapewa jina la Mosquito City. Ndani yake kulipandwa mimea, zikajengwa nyumba ndogo, yakatengenezwa mazalia, na Anopheles arabiensis kutoka bondeni wakaachiwa humo. Walizaliana wenyewe kizazi baada ya kizazi pasipo kuokotwa kwa bomba. Katika mazingira hayo ndimo mtafiti Dickson Lwetoijera na wenzake walimojaribu wazo la ajabu: vyungu vya udongo vilipakwa dawa inayozuia viluwiluwi kukua, mbu wakapumzika ndani ya vyungu, kisha miguu yao ikaibeba dawa hadi kwenye madimbwi waliyotagia. Mbu aliipeleka sumu kwa watoto wake mwenyewe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014, na ni vigumu kuona yangewezekanaje bila watu wanaojua kufuga.

Aliyewashinda wafugaji kwa muda mrefu ni Anopheles funestus. Huyu ndiye anayebeba sehemu kubwa ya malaria iliyobaki Kilombero na Ulanga, lakini akifungiwa anakataa kuzaliana. Porini madume hukusanyika hewani jua linapozama na majike huingia katikati ya kundi hilo. Ndani ya kizimba mila hiyo inavurugika. Kwa miaka mingi maabara za dunia zilitegemea koloni mbili tu, moja ya Msumbiji na nyingine ya Angola. Watafiti wa Ifakara walieleza mwaka 2021 jinsi mbu wao wa kwanza waliozaliwa kizimbani walivyokuwa wadogo kuliko wa porini, na majike waliopandwa walivyokuwa wachache. Hawakuacha. Leo ipo koloni ya Tanzania, FUTAZ, na hiyo ni heshima inayostahili kutangazwa zaidi ya inavyotangazwa.

Kazi ya kufuga wadudu imeokoa kiumbe mwingine wa maeneo haya pia. Chura wa Kihansi, aliyegunduliwa mwaka 1996 kwenye korongo ambalo maji yake huteremkia bonde la Kilombero, alipungukiwa na manyunyu ya maporomoko baada ya bwawa la umeme kujengwa. Vyura 499 walipelekwa Bronx Zoo, New York, mwishoni mwa 2000, na mwaka 2009 spishi hiyo ikatangazwa kuwa imetoweka porini. Walirudishwa Tanzania mwaka 2010, na mwaka 2012 wakaanza kuachiwa korongoni. Chura huyo ni mdogo kuliko kidole gumba na hula wadudu hai wadogo mno, hivyo anayemfuga hulazimika kwanza kufuga inzi wa matunda na nyenje wachanga. Nyuma ya kila chura kulikuwa na chupa za wadudu na mtu wa kuzihudumia.

Ufugaji huu unaweza kuanzia shuleni pia. Watoto wa shule za Ifakara, Mang'ula na Mlimba hawawezi kuanza na mbu, na haifai wajaribu. Lakini vunjajungu yupo kwenye kila ua wa mchicha, na hakuna mdudu mwepesi kufuga kama yeye. Wenzetu wa Ulaya hununua Idolomantis diabolica, vunjajungu mkubwa wa Afrika Mashariki mwenye mikono ya rangi kama ua, na Tanzania ni mojawapo ya nchi anakotoka. Huyu wa kijani wa bustanini anatosha kabisa kwa somo la sayansi.

Anataka chombo kirefu angalau mara tatu ya urefu wake, kilichofunikwa kwa kipande cha chandarua chakavu, na kijiti cha kuning'inia anapojivua ngozi, maana akianguka wakati huo hulemaa. Mpe inzi au panzi mdogo aliye hai kila baada ya siku mbili au tatu, nyunyiza matone ya maji kwenye wavu anywe, na usiweke wawili pamoja kwa sababu watalana. Hana sumu wala hasambazi ugonjwa. Jike akitaga, povu lake hukauka kwenye kijiti, na siku moja wanatoka vunjajungu wadogo kwa makumi. Hao waachiwe bustanini. Walimu wa sayansi wa Kilombero wanaombwa waweke chombo kimoja dirishani muhula huu, na wanafunzi wapeane zamu ya kumhudumia hata Jumamosi na Jumapili.