Sura moja, injini mbili: jinsi Safari Rally ilivyozaa motoka za mbio

Subaru Impreza mbili zikisimama ubavu kwa ubavu katika garaji ya komuni ya Kenya, hapa Lubumbashi, mpita njia ataona motoka moja iliyopakwa rangi mbili. Fundi hashughuliki na rangi. Anafungua boneti, anasoma namba ya chasi, kisha anachutama na kuchungulia breki kupitia matundu ya rimu. Ya kwanza ina injini ya lita 1.5 yenye nguvu za farasi kama 100. Ya pili, iliyoandikwa GDB kwenye chasi, ni WRX STI: lita 2, turbo, farasi 280, gia sita na breki za Brembo.

Motoka za namna hii hutoka Japani, hushuka bandari ya Dar es Salaam, hupanda hadi Tunduma, huvuka Zambia na kuingia kwetu kupitia Kasumbalesa. Kwa nini kampuni iliyokwisha kutengeneza motoka nzuri ya familia ijitie katika gharama ya kutengeneza nyingine ya sura ileile, yenye nguvu karibu mara tatu? Jibu liko katika vumbi la Afrika Mashariki na katika sheria za mashindano.

Safari Rally ilianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Motoka ziligawanywa katika makundi kufuatana na bei zake dukani, nazo zilitakiwa kuwa za kawaida. Swali lilikuwa moja tu: ipi itafika? Peugeot 404, ambayo wazee wa Katanga wanaikumbuka vizuri, ilishinda mwaka 1963, kisha miaka mitatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, dereva aliyeishi Tanzania.

Katika miaka ya sabini, kampuni za Japani zilianza kuichangamsha motoka ya kawaida. Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1974 na tena 1976 akiendesha Mitsubishi Lancer 1600 GSR. Herufi hizo tatu ziliitenga na Lancer ya baba wa familia: ilikuwa na kabureta mbili na injini yenye pumzi zaidi. Lakini mwili wake ulikuwa uleule, na yaliyoisukuma ni magurudumu ya nyuma peke yake. Hiyo ndiyo maana halisi ya motoka ya kila siku yenye tabia ya kimichezo: uhai umeongezwa, msingi haukubadilishwa.

Mgawanyiko mkubwa ulikuja katika miaka ya themanini. Kundi B, daraja la motoka za mbio lililoanza mwaka 1982, lilidai motoka 200 tu zitengenezwe ili aina hiyo ikubaliwe mashindanoni, na wahandisi wakaunda mashine ambazo hazikuwa na uhusiano mkubwa na zile za madukani. Toyota Celica Twincam Turbo ilishinda Safari mara tatu mfululizo, 1984 hadi 1986. Huko Ulaya, mwaka huo wa 1986, watazamaji walikufa Ureno, kisha dereva Henri Toivonen na msaidizi wake Sergio Cresto wakafa Corsica. Kundi B likafutwa.

Kundi A likashika nafasi yake, na sharti lake ndilo lililobadilisha kila kitu: kampuni itengeneze motoka 5,000 za aina hiyo na kuziuza kwa watu. Baadaye idadi ilishushwa hadi 2,500. Maana yake, aliyetaka kushinda mbio za Nairobi au Monte Carlo ilimpasa kwanza kumuuzia raia motoka yenye turbo na inayovutwa na magurudumu yote manne. Kwa njia hiyo zilizaliwa Lancia Delta Integrale, iliyoshinda Safari 1988 na 1989, Celica GT-Four, Lancer Evolution na Impreza WRX. Hizi mbili za mwisho zilitoka mwaka 1992, na STI ya kwanza ikafuata 1994. Mwaka huohuo Ian Duncan wa Kenya alishinda Safari kwa Toyota, na Mkenya mwenzake Patrick Njiru akamaliza wa nne kwa Impreza WRX. Mwaka 1997 Colin McRae aliipa Impreza ushindi wake wa kwanza wa Safari, na tangu hapo jina Subaru limekaa katika midomo ya vijana kutoka Mombasa hadi Kolwezi.

Nguvu hizo zote zinadai vifaa vingine. Turbo ikibana hewa, hewa hiyo inapata joto, kwa hiyo inahitajika intakula ya kuipoza. Motoka ikikimbia zaidi, breki za zamani zinachemka na kupoteza nguvu, kwa hiyo diski zinakuwa kubwa. Giaboksi ya Impreza ya kawaida ingevunjika chini ya mzigo huo, ndiyo maana ya STI ni ya gia sita na imeimarishwa. Kuvaa bampa la STI juu ya motoka ya lita 1.5 hakuleti hata kimoja kati ya hivyo.

Mambo hayo hayakuisha na Kundi A. Toyota Vitz, ambayo tangu 1999 imebeba abiria wengi kuliko tunavyoweza kuhesabu, kwa sasa inauzwa Japani kwa jina la Yaris. Mwaka 2020 Toyota ilitoa GR Yaris: silinda tatu, lita 1.6, turbo, farasi 272, na magurudumu yote manne yanayovuta. Vitz ya lita moja ina farasi kama 70.

Hapa kwetu tofauti hizo zina uzito wake. Lubumbashi iko mita zipatazo 1,200 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza zaidi ya sehemu moja katika kumi ya nguvu zake. Turbo hufidia pengo hilo, lakini hudai oili safi, filta isiyojaa vumbi na petroli nzuri. Hatari kubwa zaidi ni usukani wa kuume katika nchi inayoendesha upande wa kuume. Katika barabara ya Kasumbalesa, nyuma ya lori la shaba, dereva wa motoka hizi haoni mbele mpaka atoe nusu ya mwili wa motoka katika njia ya wanaokuja. Farasi 280 hawamwongezei macho.

Kwa hiyo kijana anayenunua aanze na namba ya chasi, si na bandiko la nyuma. Na kama ana Impreza ya lita 1.5 na akiba kidogo ya kuiboresha, fedha ya kwanza iende kwenye matairi na breki, ya pili kwenye shokomzoba. Motoka nyingi zilizoshindwa Safari hazikukosa kasi, zilivunjika njiani. Anayeanza kwa kinachoisimamisha motoka na kuishika barabarani anafuata njia ileile waliyoipita walioshinda.