Mti wa Shimba Hills na Dawa ya Saratani



Ndugu msomaji, hapa Magarini, kuanzia Mambrui hadi Marafa, nani hajanyweshwa mwarobaini utotoni? Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa kila maradhi yana dawa. Lakini dawa hiyo hupatikana vipi? Hebu tutazame historia ya mti mmoja wa pwani yetu.

Kusini ya Mombasa, katika msitu wa Shimba Hills huko Kwale, unamea mti ambao wanasayansi huuita Maytenus buchananii. Wadigo, ndugu za Wagiriama wetu katika Mijikenda, waliutumia kutibu uvimbe wa saratani. Mwaka 1972, huko Marekani, Profesa Morris Kupchan na wenzake walitangaza kuwa miti ya jamii hii ina kemikali inayoua seli za saratani. Wakaiita maitansini.

Kemikali hiyo imo kidogo mno, miligramu chache tu kwa kilo. Basi Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ikakusanya zaidi ya tani 27 za mti huo Shimba Hills. Miaka minne baadaye walipohitaji mwingine, waliupata kwa taabu, maana ulikuwa haujachipua vya kutosha.

Je, wagonjwa walipona? La! Maitansini iliwadhuru matumbo na mishipa ya fahamu, ikawekwa kando. Baadaye wataalamu waliibadilisha kidogo, wakaifunga kwenye kingamwili inayotambua aina fulani ya saratani ya matiti, ili sumu ishuke penye ugonjwa. Dawa hiyo, trastuzumab emtansine, iliidhinishwa Marekani mwaka 2013. Miaka 41 baadaye! Na siku hizi kiini chake hutokana na bakteria, si kwa kukata miti.

Tunajifunza nini? Kwanza, kuua seli si kuponya mtu. Moto huua siafu, na nyumba pia huiunguza. Mama au dada akiona uvimbe kwenye titi, aende hospitali mapema, asiache matibabu kwa sababu ya chupa ya mizizi. Na akiwa anatumia mitishamba, amwambie daktari.

Pili, msitu na elimu ya wazee wetu ni amana. Tuandike majina ya miti na kazi zake kabla wazee hawajatutoka. Tunapofunga, tunajizuia hata na kilicho halali. Tutashindwaje kuuzuia mkono wenye shoka?

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu. Amin.