Mlenda vitani: mbinu za mhusika wa ute katika mchezo wa kusimuliana

Mkazi wa Singida hahitaji kuelezwa ute ni nini. Mlenda unateleza, unavutika, unanata, na ukiukamata huku unatokea kule. Sasa fikiria mlenda wenye akili na jina, una rafiki watatu, na mbele yao wezi wa ng'ombe wamejificha katikati ya majabali. Mlenda huo utapiganaje?

Swali hili linatoka kwenye mchezo wa kuigiza unaochezwa mezani, au mkekani kama meza hakuna. Mmoja ni msimuliaji: anaeleza mahali, adui na hatari. Wengine, watatu hadi watano, kila mmoja ana mhusika wake na husema anafanya nini. Jambo likiwa na mashaka, dadu ndiyo inayoamua. Maarufu kuliko yote ni Dungeons & Dragons, uliochapishwa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Kanuni zake za msingi zinapatikana bure kwa njia halali, ingawa kwa Kiingereza. Dadu yake ina pande 20. Huna? Andika namba 1 hadi 20 kwenye vikaratasi, tia kwenye kofia, chomoa kimoja, kisha kirudishe.

Kwa nini ute, na si fisi au simba? Hapa kwetu jibu lina uzito. Miaka ya 1940 Singida ilikumbwa na mauaji yaliyosemwa kuwa ya watu-simba, na waliofikishwa mahakamani walikuwa binadamu. Hadi leo, neno kwamba fulani hugeuka fisi usiku linaweza kumponza bibi kizee asiye na kosa. Kijana akiigiza fisi-mtu mbele ya majirani, mtu anaweza kuanza kutafuta sura ya huyo fisi kijijini. Ute haufanani na jirani yeyote. Hata Marekani, miaka ya 1980, wapo wazazi waliouogopa mchezo huu wakidhani ni ushetani, kwa hiyo mzee akiuliza mnafanya nini, mkaribisheni aketi asikilize.

Turudi vitani. Mwaka 2022 mchezo huo ulitoa kanuni za mhusika wa ute anayeitwa plasmoid. Anaweza kujipa kichwa, mikono na miguu, au kubaki bonge tu. Anapenya tundu la upana wa sentimita mbili na nusu. Anazuia pumzi saa nzima. Sumu na tindikali humdhuru nusu tu ya wengine. Anaweza pia kuchomoza mkono wa ziada wenye urefu wa mita tatu, kama amiba ya kwenye kitabu cha biolojia inavyochomoza mguu wake bandia.

Wachezaji wapya hukimbilia kupiga. Hilo ni kosa, maana ngumi ya ute haina nguvu kuliko ya mtu mwingine yeyote. Nguvu ya Mlenda ni kuamua adui asimame wapi.

Tuseme wezi wameziba njia ya kuingilia pangoni kwa lango la magogo. Majabali ya Singida yamejaa nyufa, na Mlenda anapita kwenye ufa hadi nyuma yao. Lakini kanuni inasema akipenya tundu dogo namna hiyo hawezi kuwa na nguo wala mzigo. Mkuki na ngao vinabaki nje, na atatokea ndani ya pango mikono mitupu katikati ya watu wenye mapanga. Wengi hufa hapo. Mwenye busara hatoki kabisa: anabaki ndani ya ufa, anachomoza ule mkono wa ziada na kuondoa komeo la lango. Mkono huo hauwezi kupiga wala kuinua zaidi ya kilo nne na nusu, na hauna macho, kwa hiyo komeo liwe jepesi na awe ameliona mwenyewe. Mlango ukifunguka, wenzake wanaingia na silaha zake.

Mbinu ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi: kuangusha, kisha kushika. Anapojaribu kumshika mtu, Mlenda hurusha dadu mara mbili na kuchukua namba kubwa. Adui aliyeshikwa hawezi kusogea, na asiyeweza kusogea hawezi kuinuka. Kwa hiyo zamu moja mwangushe, au mwenzako amwangushe, kisha Mlenda amzungukie miguuni. Hapo wenye rungu na panga wanampiga kwa urahisi kila zamu mpaka ajinasue. Mpiga upinde atulie kwanza au achague adui mwingine, kwa sababu mtu aliyelala chini ni shabaha ngumu kwa mshale wa mbali.

Kila mchezaji wa ute huwaza pia kuziba pua na mdomo wa adui. Kanuni hazimpi uwezo huo, na hata msimuliaji akikubali, hesabu inakataa. Raundi moja ya vita ni sekunde sita. Mtu wa kawaida huzuia pumzi dakika moja au zaidi, yaani raundi kumi, na vita vingi huisha kabla ya hapo. Kumvuta adui chini ya maji kuna kasoro hiyohiyo. Maji yafaa kujificha: Mlenda alale chini ya bwawa tangu kabla wezi hawajafika kunywesha ng'ombe, akiwasubiri kwa saa yake moja.

Jambo jingine linalochanganya watu ni kukatwa. Katika mchezo huo yupo adui wa ute mweusi ambaye ukimkata kwa panga anagawanyika kuwa wawili. Huyo ni wa msimuliaji. Mlenda wako akikatwa anaumia tu kama wengine.

Kuna hali ambazo kitabu hakizitaji, na hapo msimuliaji ndiye hakimu. Ziwa Singidani lina maji ya chumvi, na kila mtoto aliyewahi kumwagia konokono chumvi anajua kilichotokea. Je, Mlenda akiingia humo atanyauka? Jua la mchana la Septemba litamkausha? Msimuliaji atangaze jibu kabla dadu haijarushwa, si baada ya Mlenda kujitosa.