Shaqiqa: Kipandauso baina ya Akhlati Nne na Kemia ya Mwili

Waarabu waliyaita maumivu ya upande mmoja wa kichwa shaqiqa, nasi Waswahili tukayaita kipandauso. Amepokea Ibn Abbas (R.A.), katika Sahihi ya Bukhari, kuwa Mtume (S.A.W.) alipigwa chuku kichwani naye yumo katika ihramu, kwa sababu ya shaqiqa. Mafakihi wakatoa humo hukumu ya chuku kwa aliyehirimia. Matabibu walikuwa na swali lao: inatokana na nini?

Kemia ya mwili ya zama zao ilikuwa akhlati nne walizozirithi kwa Wagiriki: damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Ibnul Qayyim, aliyefariki mwaka 751 H (1350), anaeleza katika Zadul Maad kuwa maradhi haya yamo katika mishipa ya kichwa, na alama yake ni kudunda kwa mishipa hiyo. Ikifungwa kitambaa isidunde, maumivu hutulia. Kisha anasema jambo ambalo wapiga chuku wetu wengi hulipita: tiba hutofautiana kwa sababu zake. Yuko anayetibiwa kwa kula, yuko wa kutulizwa mahali pasipo sauti, yuko wa kukandwa kwa baridi na yuko wa kukandwa kwa joto.

Mwaka 1938 madaktari wa Marekani, Graham na Wolff, walipima kudunda kule kule na wakaona dawa ya ergotamini inakupunguza. Baadaye ikajulikana kuwa serotonini katika damu hushuka wakati wa shambulio, na kuanzia mwaka 1991 zikaingia sokoni dawa zinazoshika vipokezi vyake. Hata hivyo, hadi leo hakuna kipimo cha damu kinachothibitisha kipandauso. Daktari huuliza: ni upande mmoja? Kunadunda? Kuna kichefuchefu? Mwanga unakera? Basi anayekutoza fedha kwa mashine ya "kupima kemia ya mwili" na kukwambia una kipandauso, muulize ameyajuaje.

Kwetu Mbeya na Iringa maswali hayo yana uzito zaidi. Hapa, na katika Mbozi iliyohamia Mkoa mpya wa Songwe mwaka 2016, hufugwa nguruwe wengi, na lipo tegu ambalo viluwiluwi vyake hukaa ubongoni vikaleta kichwa na kifafa. Asidhani Muislamu kuwa amesalimika kwa kuacha nyama hiyo. Mayai hutoka katika kinyesi cha mtu mwenye tegu, yakaingia kwenye maji na mboga mbichi. Kichwa kilichoanza ukubwani pamoja na degedege si cha chuku wala cha kusomewa tu, kipelekwe hospitali.

Limebaki la Ramadhani, maana njaa huamsha kipandauso. Anayezidiwa ana ruhusa ya mgonjwa iliyotajwa katika Al-Baqara, aya ya 184: atafungua na kulipa siku nyingine. Na kabla ya mwezi kuingia amwone daktari, kwani zipo dawa za kinga zinazomezwa usiku, na saumu yake ikabaki salama.