Kasha la Fundi na Soketi Zake: Historia ya Kuipa Kila Zana Makao Yake

Miongoni mwa zana zote alizobuni binadamu kwa ajili ya kukaza na kulegeza vyuma, soketi ina sifa moja isiyo ya kawaida, nayo ni kwamba ilizaliwa pamoja na sanduku lake. Kwani nyundo hubaki nyundo hata ikitupwa pembeni, na msumeno haupungukiwi na kitu kwa kutundikwa msumarini, lakini seti ya soketi iliyopotelewa na moja tu, aghalabu ile inayotakiwa saa hiyo hiyo, ni seti iliyovunjika, na shahidi wa kwanza wa kuvunjika kwake ni lile tundu tupu lililobaki sandukuni. Kwa sababu hiyo habari ya namna zana za mkono zilivyohifadhiwa, tangu makasha ya mwaloni ya mafundi wa Ulaya ya kale hadi droo za chuma zilizojaa katika mabanda ya magari ya nyumba za Marekani, ni sehemu ya historia ya ufundi wenyewe, nami naiona kuwa sehemu iliyodhulumiwa, maana waandishi husimulia habari za injini kwa kirefu, kisha wakapita kimya mbele ya kasha ambalo pasipo hilo injini ile isingaliweza kufunguliwa wala kufungwa.

Katika mwaka 1936, huko Gotland, kisiwa cha Uswidi katika bahari ya Baltiki, mkulima aliyekuwa akilima mahali palipokuwa kinamasi hapo zamani, paitwapo Mästermyr, alifukua kwa jembe lake kasha la mwaloni lililozungushiwa mnyororo wa chuma, lenye urefu wa takriban sentimita 90, ambalo lilikuwa limelala chini ya udongo ule kwa muda wa karibu miaka 1,000. Vitu vilivyopatikana pamoja nalo vilizidi 200: nyundo, koleo za mhunzi, misumeno, mashoka, matezo, tupa, kufuli na funguo zake, mali ya fundi wa zama za Waviking ambaye, kwa ushahidi wa zana zake, alikuwa hodari wa chuma na wa mbao kwa pamoja. Fundi huyo alikuwa na kila kitu, na kila kitu kilikaa katika shimo moja refu jembamba. Na hivyo ndivyo makasha mengi ya mafundi yalivyoendelea kuwa kwa karne nyingi, ambayo mwenyewe akitaka chombo cha chini hana budi kwanza kukiondoa cha juu.

Mtu wa kutuonyesha mabadiliko ni kijana seremala wa Chatham, Uingereza, aitwaye Benjamin Seaton, ambaye babake alimnunulia mnamo Desemba 1796 zana kamili za useremala kutoka kwa Christopher Gabriel, mfanyabiashara wa zana wa London, naye mwaka uliofuata akazijengea kasha kwa mikono yake mwenyewe, lenye visanduku na saraka za ndani, kisha akaandika orodha ya vilivyomo. Kasha na orodha vingalipo katika makumbusho ya Rochester, na zana zenyewe zilitumika kidogo mno, hata wanahistoria wakaja kuzifanya hoja ya yakini juu ya kile alichokimiliki seremala wa Kiingereza wa zama zile. Tusiipite orodha hiyo haraka. Seremala aliyeandika zana zake kwa wino alikuwa amekwisha tambua kwamba kuwa na zana na kujua kwamba unazo ni mambo mawili, na kwamba la pili linahitaji juhudi yake mbali.

Kwa uzuri, hata hivyo, sijui kasha lililolishinda lile la Henry O. Studley, fundi wa vinanda na piano wa Quincy, Massachusetts, aliyezaliwa mwaka 1838 na kufariki mwaka 1925, aliyepata kufanya kazi katika kiwanda cha piano cha Poole mjini Boston. Likifungwa, ni sanduku la ukutani la mahogani lenye upana wa kama inchi 20 na kimo cha kama inchi 40, ambalo mgeni angeweza kulidhania kabati la nguo za mtoto. Likifunguliwa, zana karibu 300 hujitokeza mbele ya macho zikiwa zimepangwa tabaka nyuma ya tabaka, kila moja katika kitako kilichochongwa kwa umbo lake na kushikwa na kijikomeo chake, na mabamba yenye bawaba huinuka na kugeuka ili kuidhihirisha safu nyingine iliyojificha, ya patasi, ya vipimo, ya koleo ndogo ndogo, huku mpingo na gamba la chaza vikimetameta katika pembe zake. Mapambo ya namna hiyo hayakuwa mageni katika biashara ya piano, na msomaji wa pwani hatashangaa kukumbushwa kwamba pembe za ndovu zilizofunika vibao vya piano za Marekani katika karne ya 19 zilitoka kwa wingi katika bandari ya Unguja, zikapakiwa merikebuni hadi viwanda vya Connecticut. Pamoja na hayo yote lazima niseme kwamba kasha la Studley, kwa ukamilifu wake, lilikuwa kasha la mtu mmoja na la zana zile zile: kila nafasi imekwisha kaliwa, na chombo kipya hakina pa kuingia.

Mafundi wa viwandani walihitaji kitu kingine, maana kazi yao ilikuwa ya vipimo vyembamba kuliko unywele, na kipimo cha namna hiyo kikigongana na nyundo hakiaminiki tena. Mwaka 1906, mjini Dayton, Ohio, Harry Gerstner alianza kutengeneza makasha ya mwaloni yenye droo fupi fupi zilizotandikwa kitambaa laini cha kijani, na ubao wa mbele ambao kazi ikianza huteremshwa ukasukumwa chini ya droo ya mwisho, na kazi ikiisha hurudishwa ukafungwa kwa ufunguo. Ufupi wa droo hizo ndio jambo kubwa, kubwa kuliko mwaloni na kitambaa, kwa kuwa katika droo ya kimo cha vidole viwili hakuna chombo kinachoweza kukaa juu ya mwenziwe, na fundi akiivuta huona vyote mara moja. Wala sioni badiliko jingine katika historia hii lililoleta faida zaidi kwa gharama ndogo zaidi. Muda si mrefu kampuni ya Kennedy, iliyoanzishwa mwaka 1911 huko Van Wert katika jimbo lile lile, ikawa inauza masanduku ya namna hiyo kwa bati la chuma, na tangu hapo mwaloni ukawa wa wenye kuupenda.

Nati nazo zilikuwa zimekwisha kuwekewa sheria. Joseph Whitworth alipendekeza kanuni yake ya hesi mwaka 1841 huko Uingereza, na William Sellers akapendekeza ya Kimarekani mjini Philadelphia mwaka 1864, hata ikawezekana kwa spana moja kufungua nati zilizotoka viwanda mbali mbali. Kisha ikaja motokaa. Ford wa namna ya T alianza kuuzwa mwaka 1908, na kabla ya kusimamishwa mwaka 1927 walikuwa wametoka zaidi ya milioni 15, wengi wao wakinunuliwa na wakulima waliokaa mbali na fundi yeyote, ambao gari likiharibika hawakuwa na wa kumwita ila nafsi zao. Injini ile ilikuwa na nati zilizojificha mahali ambapo spana ya kawaida haina nafasi ya kuzunguka, na soketi, ambayo huivaa nati kwa juu na kuiacha mikono izunguke mbali nayo, ikawa haina mbadala. Na ikitiwa juu ya racheti, yaani mpini unaokaza ukienda na kurudi bila kuilegeza nati, yenye meno 72, huendelea kukaza hata kama mpini una nafasi ya nyuzi 5 tu za kutikisika. Kampuni ya Frank Mossberg, huko Attleboro, Massachusetts, ilikuwa miongoni mwa zilizotangulia kuziuza seti za racheti na soketi zikiwa zimepangwa katika visanduku vya mbao.

Lakini soketi nyingi za wakati ule zilikuwa zimeunganishwa na mipini yake moja kwa moja, ukubwa mmoja mpini mmoja, na fundi mwenye kutaka kutimiza haja zake alibeba mzigo wa chuma. Joseph Johnson, aliyekuwa akifanya kazi katika American Grinder mjini Milwaukee, aliwashauri wakubwa wake kuvitenga viwili hivyo, mpini mbali na soketi mbali, na rai yake ilipokataliwa alishirikiana na mwenziwe William Seidemann, wakaanzisha mwaka 1920 kampuni iliyokuja kujulikana kwa jina la Snap-on. Seti yao ya kwanza ilikuwa na mipini 5 na soketi 10, na hesabu yake mtoto wa shule anaijua: vipande 15 vikafanya kazi ya spana 50. Siri yake ni ncha ya mraba yenye gololi ndogo inayosukumwa na springi, ambayo soketi ikiingizwa hulia tak na kushika, na ikivutwa hutoka bila kuhitaji chombo kingine.

Hapo ndipo kasha lilipobadilika hali. Zamani lilikuwa ghala. Sasa likawa kiungo cha zana, kwa kuwa mpini usio na soketi ni fimbo tu, na soketi isiyo na mpini ni pete nzito, na kinachovifanya vikutane katika wakati wa haja ni mpangilio uliopo baina yao. Wauzaji walilifahamu jambo hilo mapema. Walikwenda karakana kwa karakana wakazitandaza seti zao mbele ya mafundi zikiwa zimepangwa kwa mfuatano wa ukubwa, na baada ya Vita Kuu ya Pili wakawa wanakwenda na magari yenye rafu ndani, fundi akapanda, akachagua, akashuka.

Nyumbani mambo yalikwenda polepole zaidi, na kwa bei nafuu zaidi. Sears, duka la Chicago lililouza kwa posta, lilianza kutumia jina la Craftsman mwaka 1927, na kwa jina hilo seti za soketi ziliingia katika nyumba za watu wasiokuwa mafundi kabisa, makarani na walimu, ambao baada ya vita walijenga au kununua nyumba zenye banda la gari ubavuni, wakaligeuza banda hilo karakana ya Jumamosi. Huko ndiko ulikostawi ule ubunifu mdogo mdogo ambao hakuna aliyeusajili: vifuniko vya chupa za jamu vilivyopigwa parafujo chini ya rafu, chupa zenyewe zikaning'inia zimejaa nati na misumari; reli ya bati yenye vibanio, soketi zikapangwa juu yake tangu ndogo hadi kubwa; sumaku ndefu ukutani kwa ajili ya bisibisi. Ubao wa matundu ulitokana na ubao mgumu wa nyuzi za miti ambao William H. Mason aliuvumbua Laurel, Mississippi, mwaka 1924, na baada ya kutobolewa safu kwa safu na kutiwa ndoano ulienea katika mabanda ya nchi nzima.

Juu ya ubao huo wengi walichora kwa rangi kivuli cha kila zana, ili ikitwaliwa ibaki sura yake. Mfano mashuhuri kuliko yote, kwa taratibu za ajabu za dunia, haumo katika gereji bali jikoni: mwaka 1961, mjini Cambridge, Massachusetts, Paul Child alimtundikia mkewe, mpishi Julia Child, masufuria yake juu ya ubao wa matundu na kuchora ukingo wa kila moja, na jiko hilo zima lilihamishiwa makumbusho ya Smithsonian mwaka 2001. Mafundi wa ndege wamelichukua wazo lile lile kwa ukali unaostahiki kazi yao, maana soketi moja iliyosahaulika ndani ya injini ya ndege inaweza kuua watu. Droo zao hutandikwa sponji ngumu ya tabaka mbili, nyeusi juu na nyekundu au manjano chini, imekatwa kwa umbo la kila chombo, hata kinachokosekana huonekana kwa rangi kabla hakijatafutwa, na ndege hairuhusiwi kuruka mpaka kipatikane. Mwenye banda la nyumbani anaweza kuiga jambo hilo kwa kisu na vipande viwili vya sponji, nami namshauri afanye hivyo kabla ya kununua kabati la fakhari.

Katika Afrika Mashariki sanduku la fundi lina ukoo wake wa karibu, kwani mafundi wa Kamukunji, Nairobi, wanaofua mabati kwa nyundo tangu asubuhi hadi jioni, ndio watengenezaji wa masanduku ambamo spana nyingi za Kenya hulala. Ugumu wetu wa khasa, nao ungaliko, ni wa vipimo. Magari ya Kiingereza yaliyokuja katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 yalikuwa na nati za Whitworth, ambazo spana zake huandikwa unene wa bolti badala ya upana wa nati, hata ile iliyoandikwa robo inchi ina mdomo wa zaidi ya nusu inchi. Yakafuata ya inchi za kawaida, kisha ya Japani yenye milimita, ilhali mraba wa racheti ulibaki wa inchi ulimwenguni kote, robo, tatu ya nane, nusu, bila kujali nati ni ya nchi gani.

Kwa hiyo anayepanga soketi zake leo na atenge droo ya milimita na droo ya inchi, na katika kila droo azitenge fupi na ndefu. Soketi ya milimita 13 ikivalishwa nati ya nusu inchi, ambayo ni milimita 12.7, huingia kwa urahisi wa kuhadaa, kisha ikikazwa kwa nguvu huzila pembe za nati mpaka ikawa duara. Na ya 10 juu ya nati ya tatu ya nane, ambayo ni milimita 9.5, ni mbaya zaidi. Zipo, hata hivyo, mbili anazoweza kuzikopesha bila hofu kutoka droo moja kwenda ya pili, ile ya 8 kwa tano ya kumi na sita, na ile ya 19 kwa robo tatu, kwa kuwa tafauti yao haifiki sehemu ya kumi ya milimita.